Faili Lako Likinakiliwa Ndani ya Kompyuta, Ni Nini Hasa Kinachohama?



Matawi mengi ya chama chetu yamekuwa yakipokea tangazo la namna moja kutoka kwa waajiri: kwamba kumbukumbu za wafanyakazi zinahamishwa kutoka mfumo wa zamani wa kompyuta kwenda mfumo mpya, na kwamba hakuna jambo la kuhofia. Tangazo hubandikwa karibu na mizani au penye lango la kiwanda. Watu hulisoma, kisha hurudi kazini. Baada ya miezi kadhaa mtu anakwenda ofisini kudai kiinua mgongo chake, naye anaambiwa kwamba mkataba wake "haufunguki".

Makala hii yataka kulieleza neno hilo. Jina la mtu lipo, namba yake ipo, mshahara wake upo, lakini picha yake imekatika na mkataba wake hauonekani. Yawezekanaje sehemu moja ya faili ihame salama na nyingine ipotee, na huku karani anaapa kwamba amenakili kila kitu? Karani huyo huenda hasemi uongo. Huenda hata yeye hakujua kwamba katika kompyuta kuna kunakili kwa namna mbili tatu, na kwamba namna mojawapo hainakili kitu chenyewe.

KABATI NA MADAFTARI YAKE

Mwaka 1970 Mwingereza mmoja aitwaye E. F. Codd, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, Marekani, alichapisha maelezo ya namna mpya ya kupanga habari ndani ya kompyuta. Alisema habari ziwekwe katika majedwali, kila jedwali liwe na mistari na safu, na jedwali moja liungane na jingine kwa thamani zilizoandikwa ndani yake tu, kama vile namba. Hifadhidata nyingi zinazotunza mishahara yetu leo zimejengwa juu ya wazo hilo.

Mchuma chai hahitaji kufundishwa jambo hili darasani. Ukifika kwenye mizani, karani haandiki jina lako na la baba yako na la kijiji ulikotoka. Anaandika namba yako na kilo ulizoleta. Jina lako liko katika daftari jingine, mshahara katika daftari la tatu, na namba yako ndiyo kamba inayoyafunga yote matatu. Hifadhidata ni kabati la madaftari ya namna hiyo, isipokuwa karani wake ni mashine.

Hapo mwanzo madaftari hayo yalibeba maneno na tarakimu peke yake. Lakini waajiri walitaka pia picha ya mfanyakazi, alama za vidole, mkataba uliopigwa picha, cheti cha daktari. Vitu hivi si maneno, wala si tarakimu za kujumlisha. Kwa kompyuta ni rundo refu la baiti lisilosomeka mpaka lifunguliwe na programu yake. Mafundi huliita rundo hilo blobu.

Tazama tofauti ya ukubwa. Tuseme shamba lina wafanyakazi 3,000. Jina, namba, tarehe ya kuajiriwa na mshahara wa mtu mmoja vyaweza kuenea katika baiti 200. Kwa watu wote ni kilobaiti 600, kiasi ambacho kingeweza kuingia katika diski laini moja ya zamani na nafasi ikabaki. Sasa mwongezee kila mtu picha ya kilobaiti 200 na mkataba wa kurasa nne, kila ukurasa kilobaiti 500. Hesabu inaruka mpaka gigabaiti 6 na zaidi. Majina ni kama bahasha, na blobu ni gunia. Ndiyo maana hifadhidata haivitunzi sawasawa, na ndiyo maana havihami sawasawa.

GUNIA KUBWA, MLANGO MDOGO

Nitaanza na lile nililoliona mwenyewe nikiwa katibu wa tawi katika shamba moja la chai magharibi mwa Uganda. Jina la shamba naliacha, kwa kuwa jambo lenyewe lilimalizika kwa mazungumzo.

Fundi aliyeletwa kutoka mjini alitengeneza jedwali jipya, akaamuru mashine ichukue mistari yote ya jedwali la zamani na kuiandika katika lile jipya. Kazi ilikwisha kabla ya chakula cha mchana. Alihesabu mistari: jedwali la zamani na jipya zikalingana, hata mtu mmoja hakupungua. Meneja akafurahi, na amri ikatoka kwamba majalada ya karatasi yaliyojaza chumba kizima yaondolewe, maana "yote yamo ndani ya mashine".

Wiki ya pili vijana walioajiriwa karibuni wakaanza kulalamika juu ya picha zao. Uso ulionekana mpaka puani, na kutoka hapo kwenda chini ni rangi ya kijivu tupu. Picha za wazee waliokuwa kazini miaka mingi zilikuwa nzima. Watu walisema mengi, hata kwamba mashine inawachagua watu wa kufukuzwa. Mimi pia kwa siku mbili niliamini kulikuwa na hila.

Sababu ilikuwa hii. Hifadhidata ile ilikuwa MySQL, ambayo ina ukubwa wa aina nne za blobu. Aina ndogo kabisa inabeba baiti 255. Aina iitwayo BLOB tu inabeba baiti 65,535, yaani karibu kilobaiti 64. Iitwayo MEDIUMBLOB inafika baiti 16,777,215, na LONGBLOB inakaribia gigabaiti 4. Jedwali la zamani lilitumia LONGBLOB. Fundi alipotengeneza jipya aliandika BLOB, pengine kwa haraka, pengine akidhani neno ni lile lile. Mlango wa ghala jipya ukawa na upana wa baiti 65,535, na kila gunia lililozidi hapo likakatwa pale pale mlangoni.

Mashine haikukaa kimya kabisa. Ilitoa onyo kwa kila mstari uliokatwa, lakini onyo si kosa, na kazi iliendelea mpaka mwisho bila kusimama. Maonyo hayo hakuna aliyeyasoma. Matoleo ya MySQL kuanzia lile la mwaka 2015 hukataa kabisa kuingiza kitu kilichozidi nafasi, ila kama mtu amezima ukali huo kwa makusudi. Mashine yetu ilikuwa ya toleo la nyuma, na mashine za namna hiyo bado zinafanya kazi katika ofisi nyingi, maana mwajiri hanunui mpya wakati ile ya zamani ingali inawaka.

Je, wazee walinusurikaje? Walipigwa picha kwa kamera duni, na picha zao hazikufika kilobaiti 40. Vijana walipigwa kwa kamera nzuri. Alama za vidole nazo zilihama salama kwa watu wote, kwa kuwa mashine ya vidole haihifadhi picha ya kidole bali ramani fupi ya mistari yake, ambayo aghalabu haizidi baiti elfu moja au mbili.

Mikataba ndiyo iliyokuwa maafa. Picha ya kawaida husomwa kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo ikikatwa unaona angalau sehemu ya juu. Mkataba uliohifadhiwa kama PDF ni tofauti. Orodha inayoiambia kompyuta kila ukurasa uko wapi imeandikwa mwishoni mwa faili. Ukikata mkia umekata orodha, na programu kwa kawaida hukataa kufungua hata ukurasa wa kwanza. Hapo ndipo lilipotoka neno "haufunguki". Picha mbovu inajionyesha yenyewe siku ya kwanza. Mkataba mbovu unakaa kimya miaka kumi mpaka siku mwenyewe anapostaafu.

STAKABADHI SI GUNIA

Aina ya pili ya hasara inatokea bila kitu chochote kukatwa. Hii ni ngumu zaidi kuigundua, kwa hiyo naomba msomaji aende nami polepole.

Iko hifadhidata nyingine itumikayo sana, PostgreSQL, iliyozaliwa katika kazi iliyoanzishwa mwaka 1986 kwenye Chuo Kikuu cha California huko Berkeley chini ya Michael Stonebraker. Hiyo ina njia mbili za kuhifadhi blobu. Njia ya kwanza ni kuiweka ndani ya safu ya mstari wa mtu mwenyewe, mpaka gigabaiti 1. Ukinakili mstari uliohifadhiwa hivyo, kitu chote kinanakiliwa, na hapo hakuna taabu ila nafasi ya diski.

Njia ya pili ni kukiweka kitu chenyewe mbali, katika jedwali la pekee la mfumo, kikiwa kimekatwakatwa vipande vya baiti 2,048. Katika mstari wa mfanyakazi inabaki namba tu, tuseme 24817, inayosema: "mkataba wa mtu huyu utafute chini ya namba hii." Sasa fundi akinakili mstari kutoka jedwali moja kwenda jingine, kinachonakiliwa ni 24817. Mkataba haukunakiliwa. Kuna mistari miwili inayoelekeza kwenye mkataba ule ule mmoja.

Aliyefanya kazi ghalani atalielewa jambo hili mara moja. Ukiandika stakabadhi ya gunia la kahawa mara mbili, gunia haliwi mawili. Siku gunia likitoka kwa stakabadhi ya kwanza, mwenye stakabadhi ya pili ana karatasi mkononi na hana kahawa.

Ndivyo inavyokuwa. Ofisi inanakili jedwali "kwa usalama". Baadaye mtu anafuta vitu vya jedwali la zamani ili kupata nafasi, na vitu vya lile jipya vinakwenda navyo. Ama ofisi inatoa jedwali moja tu katika mashine ya zamani na kulipeleka katika mashine mpya. Chombo cha PostgreSQL cha kutoa nakala, kikiombwa jedwali moja peke yake, hakichukui vitu vilivyohifadhiwa mbali ila kikiamriwa waziwazi. Jedwali linafika na namba zake zote. Ghala linalotajwa na namba hizo halikufika.

Kuna na mtego wa tatu katika njia hii, nao umewanasa hata mafundi wazoefu. Ukifuta mstari, kitu kilichoko mbali hakifutiki chenyewe, kinabaki bila mwenyewe na kujaza diski. Kwa hiyo kuna programu ya kufagia, iitwayo vacuumlo, inayopita na kufuta kila kitu kisichotajwa na mstari wowote. Lakini mfagiaji huyu anatazama tu safu za aina maalumu zilizowekwa kwa ajili ya namba hizo. Kama fundi katika jedwali jipya aliandika 24817 katika safu ya namba za kawaida, au katika safu ya maneno, mfagiaji haioni. Anahesabu kwamba mkataba hauna mwenyewe, na anautupa. Hapo mfanyakazi anapoteza mkataba wake usiku wa usafi, wakati kila mtu alifuata utaratibu.

Je, kuna namna ya kunakili kitu chenyewe na si namba yake? Ipo. Tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014, PostgreSQL inaweza kwa amri moja kusoma kitu chote na kukiandika upya chini ya namba mpya. Kabla ya hapo njia mojawapo ilikuwa kukitoa kitu kwenda faili ya diski, kisha kukiingiza tena. Kwa hiyo fundi akisema haiwezekani, hajui kazi yake au hataki kuongeza saa mbili.

Nisionekane kuisema hifadhidata moja tu. Oracle nayo ina aina iitwayo BFILE, ambamo ndani ya jedwali kunakuwa na mahali faili ilipo kwenye diski tu, na faili yenyewe iko nje kabisa. Waajiri wengine wamejitengenezea utaratibu kama huo wenyewe, wanaandika njia ya folda katika safu ya maneno. Mashine ikibadilishwa na folda isipohamishwa, matokeo ni yale yale.

MAKOSA MENGINE, KWA UFUPI

Blobu ikipitishwa mahali panapotegemea maneno, kwa mfano fundi akiitoa kama maandishi na kuiingiza tena, mashine yaweza kuzitazama baiti zake kama herufi zilizokosewa na kuzibadilisha kuwa alama za kuuliza. Urefu waweza kubaki ule ule, lakini ndani hamna kitu.

Halafu umeme. Hifadhidata nzuri ina utaratibu kwamba kazi moja ikikatika katikati, yote inarudishwa kama haikuanza. Lakini kunakili gigabaiti nyingi kwa mkupuo mmoja kunajaza kumbukumbu za mashine, kwa hiyo mafundi hugawa kazi kwa mafungu, tuseme watu mia tano mia tano. Umeme ukikatika katika fungu la nne, mafungu matatu ya kwanza yamekwisha kuandikwa na mengine bado. Hakuna ubaya, mradi mtu aliandika pahali walipofika. Niliowaona hawakuandika.

CHAMA KIULIZE NINI

Babu zetu waliokwenda kufanya kazi Kenya enzi za Waingereza walilazimishwa kuvaa kipande shingoni ndani ya kijisanduku cha bati, chenye alama za vidole na maneno ya kila mwajiri. Kilikuwa kifungo, na hakuna anayekitamani. Lakini walau mtu alijua karatasi yake iko wapi. Leo karatasi yako iko katika chumba usichoruhusiwa kuingia, kwa hiyo ni lazima mwakilishi wako aingie kwa ajili yako.

Akiingia asiridhike na hesabu ya mistari. Hesabu ya mistari ilikuwa sawa kule shambani kwetu, na mikataba ilikuwa imekufa. Aombe jumla ya baiti za picha zote na mikataba yote katika jedwali la zamani, kisha jumla hiyo hiyo katika jipya. Amri ya kuipata ni fupi, na jibu linatoka kwa dakika chache. Kule kwetu jumla mpya haikufika hata nusu ya ile ya zamani. Kama mtu angeuliza siku ya kwanza, tusingekuwa na la kusimulia. Katika hifadhidata yenye kutumia namba, jumla hiyo ihesabiwe kwa kufuata kila namba mpaka kwenye kitu chenyewe, maana kuhesabu namba peke yake ni kurudi kwenye kuhesabu stakabadhi.

Juu ya hapo kuna kipimo kilicho bora zaidi. Kompyuta inaweza kukokotoa muhuri wa faili yoyote, iwe ndogo au kubwa. Muhuri uitwao SHA-256 una tarakimu na herufi 64. Ukibadilisha baiti moja tu katika mkataba wa kurasa mia, muhuri wote unabadilika. Fundi akokotoe mihuri kabla na baada, aipange kwa namba za wafanyakazi, na tofauti zitajitokeza zenyewe. Kipimo hiki kinaona hata lile kosa la alama za kuuliza, ambalo jumla ya baiti haiwezi kuliona.

Tena mwakilishi achague mwenyewe wafanyakazi kama ishirini, na mikataba yao ifunguliwe mbele yake kwenye mashine mpya. Asikubali kuchaguliwa. Awachague wa zamani na wapya, na asiwasahau wale wenye faili nene: waliowahi kuumia kazini, waliobadilishiwa kazi mara nyingi, wenye vyeti vya daktari. Gunia kubwa ndilo linalokwama mlangoni.

Kuhusu sheria, Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda habari za mtu mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizi zinampa mtu haki ya kujua ni habari gani zake zimehifadhiwa na kutaka zisahihishwe zikiwa na makosa. Shirika la Kazi Duniani nalo lilitoa mwongozo wa kulinda habari za wafanyakazi mwaka 1997. Mwajiri akisema mambo ya kompyuta si ya chama, aonyeshwe hayo.

Lakini linalofaa kuliko yote halihitaji sheria wala fundi: mashine ya zamani isifutwe na karatasi zisichomwe mpaka vipimo vimalizike na kutiwa sahihi na pande mbili. Kule kwetu karatasi zilikwisha kuteketezwa. Kilichotuokoa ni kwamba mashine kuukuu ilikuwa imetupwa stoo, chini ya magunia matupu ya mbolea, na hakuna aliyeona faida ya kuiuza.

Mama mmoja aliyechuma chai kwa muda wa miaka ishirini na sita alikuwa anadai kiinua mgongo, na ofisi ilikuwa inamhesabia miaka kumi na tisa, kwa kuwa mkataba wake wa kwanza ulikuwa miongoni mwa ile isiyofunguka. Tulipeleka mashine ile ofisini kwa mkokoteni. Ilichukua siku tatu kuiwasha. Mkataba wake ulifunguka, kurasa zote nne, wa mwisho ukiwa na alama ya dole gumba lake na tarehe. Fundi alirudishwa, akatengeneza jedwali upya kwa LONGBLOB, akanakili tena kila kitu na kulinganisha mihuri. Mashine kuukuu ilirudishwa stoo, safari hii juu ya meza, na mlango ukatiwa kufuli mbili. Ufunguo mmoja anao karani wa ofisi, wa pili yuko nao katibu wa tawi.